Ratiba yangu ya kula ilipangwa na bando la usiku

Mdogo wangu, umeuliza kama kukesha mtandaoni ndiko kunakokutoa hamu ya chai asubuhi, kukuletea njaa saa saba usiku na kukuachia kiungulia. Nakujibu kwa yaliyonipata nikiwa mwaka wa pili chuoni, Dodoma.

Nilikuwa nanunua bando la usiku kwa sababu lilikuwa rahisi kuliko la mchana: saa sita usiku hadi kumi na mbili asubuhi. Ukishalilipia, unaona kulala ni kutupa hela. Nilikesha na gemu na video mpaka adhana ya alfajiri. Jioni nafungiwa chipsi mayai, nusu nala, nusu naiwekea saa nane ya usiku, pembeni nina kinywaji cha kuongeza nguvu. Kipindi cha asubuhi kinanipita, mlo wa kwanza unakuwa saa tisa alasiri. Ugali na maharage kwa mama ntilie niliacha kabisa, na sababu yake inaniuma hadi leo: ugali unachafua mkono, na mkono ule ndio wa kuperuzi. Chipsi unachoma kwa kijiti, vidole vinabaki vikavu.

Njaa ile ya usiku si tamaa tu. Usipolala vya kutosha, homoni ya njaa, grelini, huweza kupanda, na leptini, homoni inayoleta shibe, huweza kushuka. Kafeini nayo, nusu yake huwa bado iko mwilini baada ya saa tano hivi. Halafu ukila macho yakiwa kwenye kioo, unamaliza sahani bila kujua umeshiba saa ngapi.

Kuhusu kiungulia, nakusihi usinunue dawa kwa kubahatisha. Mimi nilijiamulia mwenyewe kuwa nina vidonda vya tumbo, nikameza vidonge vya dukani miezi miwili. Vidonda vingi husababishwa na bakteria Helicobacter pylori au dawa za maumivu kama diclofenac, na kipimo cha bakteria huyo kipo. Nilipopimwa hakuonekana. Daktari aliniuliza nalala saa ngapi, nikamweleza, akasema mafuta yale nikiyala usiku wa manane kisha nikajilaza, asidi lazima ipande.

Kufuta programu nilijaribu mara tatu, nikazirudisha zote. Kilichonisaidia ni kuacha bando lile na kukubaliana na jirani wa chumba cha pili tupike pamoja saa mbili usiku, simu zikichajiwa chumbani kwake. Mara nyingi ilikuwa dagaa na mchicha. Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira na kila mtu, naye alinivumilia. Wiki ya tatu niliamka saa moja asubuhi tumbo linauma, nikadhani kiungulia kimerudi. Ilikuwa njaa. Nikaenda kwa mama ntilie, nikaagiza chai, chapati mbili na maharage.

Wewe kesho nenda kapime kwanza, kisha uje utuambie majibu.