Marundo ya mawe ya Engaruka: makaburi au mashamba?

SWALI: Nilitoka Moshi kwenda kuona magofu ya Engaruka, kaskazini mwa Tanzania. Mwongozaji alisema kuta fupi na marundo ya mawe kwenye tambarare ni mashamba ya kale. Ndugu yangu akashikilia kwamba marundo ni makaburi. Mtaalamu, mnajuaje?

JIBU: Rundo la mawe ukilitazama peke yake litakudanganya. Tazama kilicholizunguka. Engaruka kuna hekta zipatazo 2,000 za vitalu vilivyozungushiwa mawe, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Vijiji vilikuwa juu yake, kwenye mteremko, nyumba zikikaa kwenye majukwaa ya mawe. Tambarare iliachiwa mazao. Marundo mengi yamo katikati ya vitalu: ni mawe yaliyoondolewa ili jembe lipite. Simaanishi hakuna kaburi hata moja.

Wewe wa Moshi mfongo unaujua, ule mfereji wa Wachagga wa kumwagilia mashamba. Maji ya shamba la mbali huyashushi moja kwa moja, unayatembeza ubavuni mwa mlima taratibu. Mifereji ya Engaruka ni hivyo hivyo: inaanzia mito inapotoka kwenye ukingo, inashika mwinamo mdogo, kisha inaingia vitaluni. Mawe ya kaburi, au hata ukuta wa zizi la mifugo, hayana sababu ya kufuata mwinamo wa maji.

Ila ushahidi ninaoupenda zaidi uko ardhini. Mwanaakiolojia Daryl Stump na wenzake walichimba mashimo vitaluni, wakakuta udongo umejikusanya tabaka juu ya tabaka nyuma ya kuta za mawe. Wakulima wale, kati ya karne ya 15 na ya 18, walizuia maji yenye tope mpaka tope likatua, wakaongeza mawe, likatua tena. Shamba lenyewe lilijengwa na maji! Kuhakikisha, kipande cha udongo hugandishwa kwa gundi maalumu, kikasagwa mpaka unene wa milimita 0.03, kisha kikatazamwa kwa hadubini. Udongo ulioletwa na maji huonekana umejipanga, chembe nzito chini, tope laini juu. Udongo wa shimo la kaburi lililofukiwa huwa umevurugika.

Ukirudi, tafuta korongo lililokatwa na mvua pembeni mwa kitalu, uchuchumae utazame ukuta wake. Mistari hiyo wakati mwingine huonekana kwa macho tu. Jiwe lolote usilisogeze, tafadhali. Likishahama, mwinamo wa mfereji pale hatuwezi kuupima tena.