Dagaa wanajaa kwenye taa, wavuni hawamo

Ndugu yetu wa Mangapwani ameuliza: dagaa wanakusanyika kwenye taa mpaka maji yanachemka, lakini wavu ukishakazwa anapakua ndoo chache tu. Je, aongeze taa?

Usiongeze, shekhe. Taa imeshafanya kazi yake. Dagaa wanakupotea kwa chini, kabla kamba ya pete, ile inayopita kwenye pete za chini na kuufumba wavu, haijafunga.

Anza na kina cha wavu, kwa hesabu ya majini, siyo ya dukani. Wavu wenye kina cha pima 30 ukinyooshwa, ukiuvisha kambani kwa kulegeza hadi pima 10 za wavu zikae kwenye pima 7 za kamba, unapata kina cha pima 21 hivi. Hapo mkondo bado haujauinua. Na giza la mwezi mwandamo huja pamoja na bamvua, yaani maji makuu, kwa hiyo usiku unaofaa kwa taa ndio wenye mkondo mkali. Subiri maji yasimame, ndipo utie.

Risasi, yaani vizito vya chini ya wavu, wengi hubana, maana ni ghali. Wavu mwepesi chini unazama polepole, na dagaa akishtuka hupiga mbizi. Ukizidisha nako, maboya yanazama wakati wa kuvuta, wanapita juu. Pete zenye kutu zitupe, zinakwamisha kamba.

Tia bildi kwanza, ile timazi ya kupimia kina cha bahari. Wavu ukifika mwambani, utashona wiki nzima.

Taa zizimwe moja moja, ibaki moja hafifu, dagaa wapande na kubanana. Ukizima zote pamoja wanatawanyika. Mwenye chombo cha taa ang'oe nanga kabla hamjaanza kuzunguka: kamba ya nanga ikinasa kamba ya risasi, hakuna kukaza tena.

Mkifunga duara, wavu uwe upande wa joshi, yaani upepo unakotoka, upepo uisukume boti iachane nao. Mkikosea, boti inapanda maboya na propela inakula nyuzi. Chombo cha taa kifunge kamba ubavu wa pili kiivute boti taratibu.

Kisha mikono yote kwenye kamba ya pete, ncha mbili kwa kasi moja. Mabaharia wakiona dagaa wanarukaruka hukimbilia kuvuta wavu wenyewe, na huko chini bado mlango wazi. Nahodha awakataze mpaka pete zote zionekane juu ya maji.