Propani inatosha, ila zuia joto lisikimbie
Mkuu, umeuliza kama tochi ya propani inatosha kulehemu vipande vidogo vya shaba na chuma kwa fimbo ya fedha (kijiti chenye madini ya fedha kinachoyeyushwa kuunganisha vipande), au ununue seti ya oksijeni na asetilini. Anza na propani. Fimbo nyingi za fedha huyeyuka kati ya nyuzi 600 na 800 za Selsiasi. Kinachosumbua ni joto kukimbia. Vizungushie vipande unavyolehemu matofali mepesi ya kuhimili moto uone tofauti. Flaksi (dawa inayopakwa kwenye kiungo ili kukisafisha) ikishalainika ikang'aa kama maji, gusisha fimbo kwenye kiungo chenyewe, si kwenye mwali. Asetilini kwa mkono mgeni (niliyaona mwenyewe) hutoboa shaba nyembamba kufumba na kufumbua. Fimbo zenye metali ya kadmiamu achana nazo, moshi wake sumu.