Maswali na Majibu: Jedwali la MAC kwenye swichi

Swichi ya ofisi yetu inafuta anwani za MAC kila baada ya dakika 5. Niongeze muda? (Njiro, Arusha)

MAC ni namba ya utambulisho ya kifaa, na jedwali linaonyesha kila kifaa kiko poti ipi. Sekunde 300 ndio muda wa kawaida kwenye swichi za Cisco na nyingine nyingi, na zinahesabiwa upya kila kifaa kinapotuma fremu (kifurushi cha data). Kompyuta inayofanya kazi haisahauliki, kwa hiyo uache hivyo hivyo.

Tatizo huja kwa kifaa kinachopokea tu bila kutuma, mfano mashine ya kurekodi kamera inayoletewa video kwa UDP (utumaji usiosubiri jibu) kupitia rauta. Rauta ya Cisco hukumbuka ARP (MAC ya kila anwani ya IP) kwa saa 4, ila swichi imeshasahau ndani ya dakika 5. Rauta inaendelea kutuma, swichi haijui poti, basi inamwaga fremu kwenye poti zote za VLAN hiyo (kundi la poti lililotengwa kama mtandao wake). Utaona taa zote zinapepesa kwa pamoja, na mtandao mzima unakuwa mzito. Hapo sawazisha muda wa swichi na ule wa ARP, kwa VLAN hiyo peke yake:

`mac address-table aging-time 14400 vlan 20`

Usiweke 0. Sifuri inazima ufutaji, na anwani za vifaa vilivyoondoka zitalijaza jedwali.

Shikamoni mafundi. Hapa hosteli logi inaonyesha MAC moja inarukaruka kati ya poti 3 na poti 7. Nikifuta jedwali inarudi. (Majengo, Moshi)

Marahaba. Acha kufuta, maana swichi inajifunza upya papo hapo. Kama kinachoruka ni simu, ikahama mara moja kisha ikatulia, mtu ametembea kutoka akses pointi (kifaa cha Wi-Fi) moja kwenda nyingine. Ikiruka mfululizo, una mzunguko (fremu zinazunguka kwenye kebo bila mwisho): mara nyingi kuna mtu amechomeka ncha zote mbili za kebo kwenye soketi za ukutani, au kuna kiswichi kidogo chini ya meza chenye kebo mbili. Chomoa poti 7. Logi ikinyamaza, fuata kebo hiyo hadi mwisho wake kwa mkono, usikisie. Kisha andika `show spanning-tree` uone kama spanning tree, kinga ya mzunguko, imewashwa. Tunasisitiza hili kwa sababu bila kinga hiyo kebo moja inaangusha jengo zima.

Nimewasha port-security, poti ya mapokezi ikajizima. (Sakina, Arusha)

Port-security ni kinga ya poti. Kwa kawaida inaruhusu MAC 1 tu, ikiona ya pili inazima poti. Simu ya mezani yenye kompyuta nyuma yake inahitaji angalau 2. Weka 3, kwani simu inaweza kuonekana kwenye VLAN zote mbili.

`switchport port-security maximum 3`
`switchport port-security violation restrict`

Baada ya hapo andika `shutdown`, kisha `no shutdown`, poti iamke. Usiwashe port-security kwenye poti ya akses pointi: kila simu ya mgeni inahesabiwa, na tangu Android 10 na iOS 14 simu hujitungia MAC. Utaitambua MAC ya kujitungia kwa alama yake ya pili: 2, 6, A au E.

Umeme ukikatika, anwani nilizoweka mwenyewe zinapotea. (Rau, Moshi)

Hukuhifadhi. Andika `copy running-config startup-config`. Zile ambazo swichi hujifunza yenyewe zitarudi vifaa vikianza kutuma.