Mfikishe mama siku mbili kabla ya meli

Dadangu, umeuliza kama mama aruke kutoka Mombasa, ashuke Miami asubuhi na apande meli ya kitalii jioni ileile. Usimfanyie hivyo, tafadhali. Afike siku mbili kabla. Ndege ikichelewa, meli haimngoji.

Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzo wa Novemba, Miami iko nyuma yetu kwa saa 7. Saa 9 alasiri ya kule, mwili wake utakuwa unasema ni saa 4 usiku. Hapo ndipo pagumu. Mimi nilijilaza "kidogo tu" saa hiyo, nikaamka saa 6 usiku macho makavu, nikakesha nikitazama dari hadi kukapambazuka. Basi mtoe nje, atembee kwenye mwanga mpaka jua lizame, ajikaze hadi saa 3 usiku. Kahawa chungu anywe asubuhi, si jioni. Ndani ya ndege maji kwa wingi.

Dawa zake za kila siku, mwulize daktari mapema azipange vipi.

Na kurudi huku mashariki ndiko kunakochosha zaidi, mwachie wiki nzima bila wageni.