Mwalimu, mkufunzi au "kama mwalimu"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwaka wa sita huu nasomesha Kiswahili kwa wageni hapa Mji Mkongwe, Unguja. Sasa naomba kazi Dar es Salaam, na katika barua nimeandika: "Nafanya kazi kama mkufunzi wa Kiswahili na nimesomesha wageni wengi kutoka Ulaya." Rafiki yangu wa bara aliisoma akacheka. Kasema mimi si mkufunzi, na hao wageni sikuwasomesha. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kwenye kusomesha hukukosea, umevuka maji tu. Visiwani, kusomesha ni kazi ya mwalimu darasani. Bara, anayekusomesha ni anayekulipia ada. Mtu akisema "mjomba ndiye aliyenisomesha", huenda mjomba huyo hajawahi kushika chaki. Kwa hiyo rafiki yako alikuona umewalipia Wazungu karo! Barua inakwenda Dar es Salaam, basi andika kufundisha. Nyumbani endelea kusomesha, ni Kiswahili safi.

Mkufunzi nalo lina mipaka yake. Asili yake ni kufunza, na ile "ku" imebaki ndani kama ilivyobaki katika mkulima. Kufunza na kufundisha yote yamezaliwa na kufunda, kitenzi ambacho kungwi anakitumia mpaka leo kwa mwali wake. Lakini Tanzania, ukisema mkufunzi watu wanamfikiria anayefundisha chuoni, hasa chuo cha ualimu, au anayeendesha mafunzo ya watu walio kazini. Chuo kikuu yuko mhadhiri. Ukifungua magazeti ya Kenya utamkuta mkufunzi akipanga kikosi cha mpira, maana huko ndiye kocha. Wewe hufundishi walimu wala hupangi kikosi. Wewe ni mwalimu.

Nahisi ulilikwepa neno hilo ukidhani ni dogo. Si dogo hata kidogo. Julius Nyerere aliacha kufundisha shule ya Pugu mwaka 1955 akabaki na siasa tu, akawa Rais, na watu wakaendelea kumwita Mwalimu. Kwenu Zanzibar, Seif Sharif Hamad alifika hadi Makamu wa Kwanza wa Rais, na jina lililomkaa ni Maalim Seif. Vyeo vyote hivyo havikulifuta.

Rafiki yako hakuliona kosa ambalo kwangu ndilo kubwa: "kama". Tukisema "Juma alilia kama mtoto", tunajua Juma ni mtu mzima. Basi "nafanya kazi kama mkufunzi" ni kusema unaiga wakufunzi na wewe si mmoja wao. Kiswahili kina njia yake: mtu anafanya kazi ya ualimu, ya uuguzi, ya udereva. Au anasema kwa kifupi, mimi ni mwalimu, mimi ni muuguzi. Hiyo "kama" imetujia kutoka Kiingereza, na naikuta hata kwenye barua za walimu wenzetu wa lugha. Inaniuma, kwa sababu mwanafunzi akiisikia kwetu ataichukua ilivyo, na hana sababu ya kutuhoji.

Jingine umeliandika katika swali lenyewe: "nasomesha Kiswahili kwa wageni". Inaeleweka, ila kitenzi hiki hakihitaji "kwa". Kinabeba mtu na somo kwa pamoja, na mtu anatajwa ndani ya kitenzi: nawafundisha wageni Kiswahili. Hilo "wa" kwenye "nawafundisha" ndilo linalowasumbua wageni wako darasani. Wakilisikia kwako kila siku, watalizoea mapema.

Barua yako ningeianza hivi: "Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Huu ni mwaka wa sita nikiwafundisha wageni, wengi wao kutoka Ulaya, hapa Mji Mkongwe, Unguja."