Muulize Mwalimu wa Kuchora: Tom Huyu Ndiye Yule?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa miaka 7 anapenda sana katuni za Tom na Jerry, yule paka na panya, na jioni huwa nakaa naye tukatazama. Kinachonishangaza ni sura. Mara Tom ana manyoya mengi na anatembea kwa miguu minne kama paka wa jirani, mara ana nyusi nene nyeusi. Halafu kuna zile ambazo sauti kama zinatoka ndani ya pipa, na mwenye nyumba ni jibaba nene lenye hasira. Mwanangu anasema hizo ni feki. Ni kweli? – Mama Juma, Morogoro

JIBU: Marahaba, Mama Juma. Hakuna feki hapo. Ila mpongeze Juma, ana jicho la mchoraji. Paka ni yuleyule; mikono iliyomchora ndiyo tofauti, na televisheni inazichanganya zote bila kutaja mwaka.

Yule wa manyoya ndiye wa kwanza, wa 1940, na katika filamu ile aliitwa Jasper. Waliomtengeneza, William Hanna na Joseph Barbera, walikuwa wakifanya kazi katika kampuni ya filamu ya MGM, Marekani, na filamu zao zilikuwa za kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Manyoya ni mzigo: unywele uliouchora kwenye picha hii sharti uuchore tena kwenye inayofuata, na sekunde moja ya filamu inapitisha picha 24. Basi mwaka hadi mwaka wakampunguzia mistari, akasimama kwa miguu miwili. Filamu zao 7 zilipata Oscar. Hata hivyo, mwaka 1957 MGM iliifunga studio yake ya katuni.

Sasa hizo za pipa. Zilitengenezwa Prague, Chekoslovakia, mwaka 1961 na 1962, chini ya Gene Deitch, Mmarekani aliyehamia huko. Deitch alikuwa amepitia UPA, studio iliyoacha umbo la duara lililojaa ikachora bapa, kama bango la ukutani. Wachoraji wake Wacheki walikuwa wameona filamu chache tu za Tom na Jerry, na bajeti ilikuwa ndogo. Ndiyo maana paka anakwenda kwa kushtukashtuka na kila kishindo kina mwangwi.

Watu wengi huzitukana filamu hizo 13. Mimi nazipenda, na nitakwambia kwa nini. Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa Tanga kazi ya kuchora ngalawa kwa kichwa, bila kuitazama. Wawili walikuwa wamehamia kutoka Dodoma na hawajapata kuiona hata moja, wamesimuliwa tu. Ngalawa zao zilikuwa na mbao za pembeni zilizoinuka juu kama mabawa ya korongo. Zilizochorwa sawasawa nimezisahau zote, hizo mbili bado naziona. Filamu za Prague ziko hivyohivyo: mtu anachora kitu cha mbali alichosimuliwa, na mkono wake mwenyewe unajitokeza.

Nyusi ni za Chuck Jones. Yeye alitoka studio ya Warner Bros., alikomchora yule mbwamwitu anayemfukuza ndege asiyekamatika. Kuanzia 1963 hadi 1967 alisimamia filamu 34. Mtazame Tom wake akipanga hila: nyusi zinaongea kabla mwili haujasogea, na mandhari nyuma yake ni ya rangi tamu sana. Lakini mbio zimepungua. Anasimama mno kututazama, na kwangu mimi Tom na Jerry ni mbio.

Mkikutana na Jerry aliyevaa tai nyekundu ya kipepeo, akiwa rafiki wa Tom, hiyo ni ya 1975, iliyotengenezwa moja kwa moja kwa ajili ya televisheni. Wakati huo masharti ya vipindi vya watoto yalikuwa makali, kupigana hakukuruhusiwa.

Jioni moja msiruke majina yanayopita mwanzoni. Kwenye zile za pipa, mahali pa muziki, Juma atasoma Steven Konichek. Huyo ni Štěpán Koníček, mwanamuziki wa Kicheki. Jina lake liliandikwa hivyo ili lifanane na la Kimarekani. Mfundishe Juma kulitamka lile la kwake.